Tamoksifeni au anastrozoli: kukalia kiti cha estrojeni au kuzima jiko lake

Ninafanya kazi kwenye maabara ya patholojia. Kinyama kilichotolewa kwenye titi hunifikia ndani ya kichupa cha fomalini, dawa ya kukizuia kisioze. Nakigandisha ndani ya nta, nakikata vipande vyenye unene wa mikromita 4, navipaka rangi, na daktari wa patholojia anavisoma. Mgonjwa mwenyewe simwoni. Miaka minne iliyopita mgonjwa wa saratani ya titi alikuwa mama yangu mdogo, wa Korogwe. Alitolewa titi, akapigwa kemo, kisha akaanzishiwa tamoksifeni. Baada ya miaka miwili na ushee akanipigia simu: "Mwanangu, daktari anasema nibadilishe vidonge, nianze vinavyoitwa anastrozoli. Hivi ninavyomeza na hivyo vingine vina tofauti gani?"

Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno: vyote vinazuia homoni. Tangu hapo nimeulizwa swali hilo hilo na watu wengine watatu, kwa hiyo naandika jibu refu. Uamuzi unabaki kwa mgonjwa na daktari wake, lakini mtu anayeelewa kinachoendelea ndani ya seli anauliza maswali mazuri zaidi akifika kliniki.

Protini moja, njia mbili za kuinyamazisha

Seli ya ini na seli ya titi zina vinasaba vile vile. Zinatofautiana kwa sababu kuna protini zinazoamua kinasaba kipi kisomwe na kipi kinyamaze. Kipokezi cha estrojeni (homoni ya kike), ambacho kwenye karatasi ya majibu huandikwa ER, ni mojawapo. Kinakaa ndani ya kiini cha seli. Estrojeni ikiingia kwenye kishimo chake, protini hiyo inabadilika umbo, inajiunga na mwenzake ziwe jozi, inashika uzi wa DNA mahali maalumu, na kuita protini wasaidizi ili usomaji uanze. Haifanyi hivyo peke yake: protini nyingine, FOXA1, hutangulia kuufungua uzi uliokunjamana ili ER ipate pa kushika. Miongoni mwa vinasaba vinavyoamshwa ni kile cha saiklini D1, kinachoisukuma seli igawanyike.

Kwenye titi lenye afya amri hiyo ina kiasi chake. Kwenye takriban saratani saba kati ya kumi za titi, seli zinaendelea kukua kwa kuitegemea amri hiyo. Hapo ndipo dawa zetu mbili zinapoingia, na zote mbili lengo lao ni hilo hilo, ER isiweze tena kutoa amri. Tamoksifeni inakikalia kiti cha estrojeni. Anastrozoli inazima jiko linalopika estrojeni, kiti kibaki kitupu.

Niseme kidogo kwa nini protini hii imepata vidonge wakati nyingine za aina yake bado zinasumbua. Protini p53, ambayo nayo huongoza usomaji wa vinasaba, imeharibika katika karibu nusu ya saratani za binadamu. Lakini kazi yake ilikuwa kulinda, na kumrudisha kazini mlinzi aliyeanguka ni kugumu kuliko kumzuia mtu anayefanya fujo. Protini nyingine ya kundi hilo, MYC, ndiyo inayofanya fujo, ila haina kishimo ambacho dawa inaweza kujishikiza. ER inacho, kwa sababu ilishaumbwa kupokea molekuli ndogo. Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago aliligundua hilo mwishoni mwa miaka ya 1950, alipowapa panya wachanga estrojeni yenye alama ya mionzi na kuona mfuko wa uzazi unaing'ang'ania, huku misuli ikiiachia ipite.

Kabla ya kuchagua, kipimo kiwe cha kweli

Hapa ndipo nina la kusema kutokana na mikono yangu. Kama ER haipo kwenye saratani, hakuna kati ya dawa hizi mbili itakayosaidia, na mjadala wote unaishia hapo. Kama ipo lakini kipimo kikasema haipo, mgonjwa ananyimwa dawa ya maisha.

Ili ER ionekane, kipande cha kinyama hupashwa moto kwenye maji yenye asidi ya sitriki. Maabara nyingine hutumia sufuria ya presha, ile ile ya kuchemshia maharage. Kisha huwekewa kingamwili inayoitambua ER, na mwisho rangi. Chini ya darubini viini visivyo na ER hubaki buluu. Vyenye ER huwa kahawia. Saratani yenye ER nyingi inapendeza kuiangalia ukijua maana yake: uwanja mzima wa viini vya kahawia iliyokolea, kama mbegu za mkwaju zilizomwagwa kwenye sahani. Kwa viwango vya kimataifa, asilimia 1 tu ya viini ikishika rangi, saratani inahesabiwa kuwa na ER; kati ya 1 na 10 huandikwa kuwa ipo kidogo.

Rangi hiyo inaharibiwa na uzembe wa saa chache. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu kitolewe, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Niliwahi kupokea titi zima lililosafirishwa siku tatu kutoka hospitali moja ya mbali, limezamishwa kwenye fomalini kidogo isiyofunika hata nusu yake. Nje lilikuwa limekauka, ndani limeoza. Majibu yalitoka ER hakuna. Daktari wa patholojia alikataa kuyatia sahihi na akaomba kinyama kingine, na hicho cha pili kilitoka kahawia tupu. Kwa hiyo ukipewa karatasi isiyosema asilimia ngapi, au isiyo na majibu ya ER kabisa, uliza. Angalia pia PR, kipokezi cha projesteroni (homoni nyingine ya kike), kwa sababu kinasaba chake kinaamshwa na ER yenyewe. PR ikiwapo, ni ushahidi kwamba ER haikai bure, inatoa amri. Na ukiona PR ipo kwa wingi huku ER imeandikwa haipo, hiyo ni sababu nzuri ya kuomba kipimo kirudiwe.

Tamoksifeni: mgeni aliyekalia kiti

Ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Dora Richardson katika maabara za kampuni ya ICI huko Alderley Park, Uingereza, na wakati huo walikuwa wanatafuta dawa ya kuzuia mimba. Haikufaa kwa hilo, kwani kwa wanawake ilichochea yai kutoka. Hospitali ya Christie ya Manchester ikaijaribu kwa wagonjwa wa saratani ya titi, matokeo yakachapishwa 1971, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1977.

Molekuli yake inaingia kwenye kishimo cha ER, ila ina mkia unaochomoza nje. Mkia huo unakisukuma kipande cha protini ambacho kingefunika kishimo na kutengeneza mahali pa wasaidizi kushika. Wasaidizi wakija hawapati pa kushika, na badala yao wanakuja wanyamazishaji. Hivyo ER inabaki imeshika DNA, lakini kwenye titi amri haitoki.

Nasisitiza "kwenye titi". Kwenye mfuko wa uzazi wapo wasaidizi wengine, na wao wanaweza kufanya kazi na umbo lile lile, kwa hiyo huko tamoksifeni inatenda kama estrojeni dhaifu. Kwenye mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi, vivyo hivyo. Karibu mazuri na mabaya yote ya dawa hii yanatokana na hilo: inalinda mifupa, inanenepesha utando wa mfuko wa uzazi, inaongeza damu kuganda.

Anastrozoli na ndugu zake: jiko limezimwa

Estrojeni haitoki hewani. Kuna kimeng'enya kiitwacho aromatase kinachoipika kutokana na homoni za kundi la androjeni, ziitwazo homoni za kiume. Kabla ya kukoma hedhi jiko kubwa liko kwenye ovari. Baada ya hapo ovari zinapoa na kubaki mafiga madogo madogo: kwenye mafuta ya mwili, misuli, hata kwenye titi lenyewe. Anastrozoli, miligramu 1 kwa siku, na letrozoli, miligramu 2.5, huzuia kimeng'enya hicho. Eksemestani, miligramu 25, hukiua kabisa. Kwa ufanisi hizi tatu zinakaribiana sana, kwa hiyo chagua ile inayopatikana kwenu na inayovumilika mwilini.

Swali la kwanza ni hedhi

Hili halina nafasi ya mapendeleo. Mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi hawezi kutumia anastrozoli peke yake. Estrojeni ikishuka, ubongo unagundua na kutuma homoni za kuchochea ovari, na jiko kubwa linawaka kuliko mwanzo. Ndiyo maana letrozoli hutumika kwenye kliniki za uzazi kuwasaidia wanawake watoe yai. Dawa ile ile!

Mtego mkubwa uko kwa wanawake wa miaka 40 na kitu ambao hedhi ilikatika kwa sababu ya kemo. Kukatika huko si lazima kuwe kukoma. Ovari zinaweza kuamka miezi baadaye, tena bila dalili za haraka. Kama uko kwenye kundi hili na umepewa anastrozoli bila kupimwa homoni wala kuzimwa ovari, rudi kliniki ukaulize wiki hii hii.

Ovari zinaweza kuzimwa kwa sindano ya goserelini ya miligramu 3.6, inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, au kutolewa kwa upasuaji. Kutoa ovari ni tiba ya zamani kuliko dawa zote hizi: George Beatson, daktari wa Glasgow, aliripoti mwaka 1896 kwamba uvimbe wa titi ulinywea baada ya kuzitoa, na wakati ule hakuna aliyeijua estrojeni. Kwa mama aliyemaliza kuzaa na anayeishi mbali na hospitali yenye hizo sindano, upasuaji huo mara moja ni jambo la kuzungumzwa bila haya. Kwa msichana wa miaka 32 ni jambo lingine kabisa.

Kwa wenye ovari hai, basi, tamoksifeni ndiyo ya kuanzia. Wale ambao saratani yao ina hatari kubwa ya kurudi wanaweza kuongezewa kuzimwa ovari, na hapo ndipo anastrozoli au eksemestani inaruhusiwa. Uchambuzi wa pamoja uliochapishwa 2022, wenye wanawake 7,030 wa namna hii, ulionyesha saratani kurudi ndani ya miaka 10 kwa asilimia 14.7 ya waliotumia dawa za kuzima jiko, dhidi ya 17.5 ya waliotumia tamoksifeni, wote wakiwa wamezimwa ovari. Idadi ya vifo haikutofautiana kwa namna ya kutegemewa.

Wanaume nao hupata saratani ya titi. Kwao ni tamoksifeni.

Kwa aliyekoma hedhi: takwimu zinasemaje

Hapa ndipo kuna kuchagua kweli, na hapa ndipo alipokuwa mama mdogo, mwenye miaka 58.

Uchambuzi wa mwaka 2015 ulikusanya takwimu za wanawake 31,920 waliokoma hedhi. Waliotumia dawa ya kuzima jiko kwa miaka 5, saratani iliwarudia asilimia 19.1 ndani ya miaka 10. Waliotumia tamoksifeni, asilimia 22.7. Vifo vya saratani ya titi vilikuwa asilimia 12.1 dhidi ya 14.2. Anastrozoli na ndugu zake wanashinda, kwa tofauti ya watu wawili katika kila mia kwa upande wa vifo.

Wawili katika mia ni mama wa watu, siidharau tofauti hiyo. Ila iweke karibu na nyingine: miaka 5 ya tamoksifeni, ikilinganishwa na kutomeza chochote, hupunguza vifo vya saratani yenye ER kwa karibu theluthi moja katika miaka 15. Hatua ndefu ni ile ya kutoka kwenye kutomeza hadi kumeza. Mwanamke anayemeza tamoksifeni kila siku kwa miaka mitano yuko pazuri kuliko yule aliyeandikiwa anastrozoli akaiacha baada ya miezi minane kwa sababu viungo vinamuuma au duka la dawa la wilaya halina.

Pia si lazima uchague moja maisha yote. Utafiti wenye wanawake 4,742, uliochapishwa 2004, uliwachukua waliokwisha kutumia tamoksifeni miaka miwili hadi mitatu na kuwahamishia nusu yao kwenye eksemestani. Waliohamishwa walikaa bila saratani kurudi zaidi ya waliobaki. Hicho ndicho daktari wa mama mdogo alichokuwa anakifuata.

Mwilini

Joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni usiku, zote mbili zinalo. Baada ya hapo njia zinaachana.

Tamoksifeni kwa aliyekoma hedhi: saratani ya mfuko wa uzazi katika miaka 10 ilikuwa asilimia 1.2, dhidi ya 0.4 kwa dawa za jiko. Si wengi, lakini damu yoyote ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone moja kwenye nguo, ipelekwe hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Damu kuganda kwenye mishipa ya miguu nayo inaongezeka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari ndefu ya basi, usiukande, nenda ukapimwe. Aliyewahi kuganda damu, kwa maoni yangu, asipewe tamoksifeni kama anastrozoli inapatikana. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amweleze daktari mapema, maana tamoksifeni inaizidisha nguvu na mtu anaweza kuvuja damu.

Anastrozoli: mifupa. Kuvunjika mifupa ndani ya miaka 5 kulikuwa asilimia 8.2 dhidi ya 5.5 kwa tamoksifeni. Kipimo cha uimara wa mifupa kifanyike kabla ya kuanza, pale kilipo. Kalisiamu, vitamini D, kutembea, na kwa wengine sindano ya kuimarisha mifupa. Mama aliyekwishavunjika nyonga au kiwiko kwa kuanguka kidogo tu, mimi ningemwacha kwenye tamoksifeni mpaka mifupa itazamwe.

Halafu viungo. Nilimtembelea mama mdogo mwezi wa tatu wa anastrozoli. Asubuhi alikuwa ameshika chupa ya chai kwa viganja vyote viwili, anajaribu kuzungusha kifuniko, vidole havikunjiki. Akaniita, "Njoo unifungulie, mwanangu, mpaka jua litoke hivi vidole si vyangu." Kufika saa nne alikuwa anachambua mchele vizuri. Hivyo ndivyo maumivu haya yalivyo kwa wengi: mabaya asubuhi, hulegea kwa kusogeza mwili. Mazoezi ya kila siku husaidia, na anayeshindwa kabisa anaweza kuhamishiwa letrozoli au eksemestani, kwani mwili hukataa moja ukaikubali nyingine.

Kuna jambo wanawake hawalisemi kliniki: anastrozoli hukausha uke kuliko tamoksifeni, na tendo la ndoa huwa maumivu. Lisemeni. Kuna mafuta na vilainishi visivyo na homoni. Mume akielezwa mapema kwamba ni dawa, ndoa nyingi zinapona hapo.

Kwa walio na uwezo wa kushika mimba: tamoksifeni inadhuru mtoto tumboni. Tumia kondomu au kitanzi kisicho na homoni, na ukitaka mtoto panga na daktari lini usimamishe.

Dawa nyingine unazomeza

Hapa anastrozoli ina nafuu. Tamoksifeni ikimezwa hubadilishwa na ini kuwa endoksifeni, ambayo ndiyo yenye nguvu, na kimeng'enya kikuu cha kazi hiyo ni CYP2D6. Dawa za msongo wa mawazo kama fluoksetini na paroksetini hukizuia. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha sana kiwango cha tamoksifeni kwenye damu, na sisi tunajua TB ilivyo kwetu. Tena, katika Afrika Mashariki wengi wetu tumerithi aina za CYP2D6 zinazofanya kazi polepole, zile ziitwazo *17 na *29. Ya pili ilichunguzwa kwa Watanzania. Miongozo mikuu haisemi kila mtu apimwe jeni hiyo kabla ya dawa, na hii si sababu ya kuacha tamoksifeni. Ni sababu ya kumwonyesha mfamasia kila kidonge ulicho nacho nyumbani.

Kwa upatikanaji, tamoksifeni kwa kawaida ni rahisi zaidi na iko sehemu nyingi zaidi. Ulizia kama bima yako inagharamia anastrozoli kwa miaka yote, siyo mwezi wa kwanza pekee.

Saratani ikisambaa licha ya vidonge

Seli zilizonyimwa estrojeni muda mrefu wakati mwingine zinapata badiliko kwenye kinasaba cha ER chenyewe, ESR1. Kishimo kinabaki kitupu, lakini protini imejikunja kana kwamba estrojeni imo ndani, na inaendelea kuamrisha. Badiliko hili huonekana hasa kwa wagonjwa ambao saratani yao ilishasambaa na wamekaa kwenye dawa za jiko. Kuendelea kuzima jiko hapo hakusaidii, maana kiti kinajiamrisha chenyewe. Ipo dawa ya kuvunja kiti: fulvestranti, sindano mbili matakoni kila mwezi, inayoifanya seli iibomoe ER. Na ipo elasestranti ya kumeza, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2023 kwa wenye badiliko hilo.

Mama mdogo hajafika huko. Alihamia anastrozoli baada ya miaka miwili na miezi mitano ya tamoksifeni, mifupa yake ikiwa imepimwa, na kwa mpango wa miaka mitano amebakiwa na mwaka mmoja na miezi michache. Karatasi ya ER na PR ameitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki, na kila akisafiri huibeba mkobani. Nimeshaiona slaidi yake, kile kioo chenye kipande cha kinyama chake. Niliomba ruhusa, nikaitoa kabatini, nikaiweka chini ya darubini: asilimia 90, kahawia iliyokolea.